Masika ya Zimwi Lenye Zipu

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na Binti ameingia saa sita, kalowa chapachapa, sanduku lake kalifunika kwa koti lake mwenyewe. Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu sina wa kumwambia, na mimi jambo likikaa moyoni silali. Mume wangu keshaondoka jana. Ni msimamizi wa mafundi wa madaraja, na masika ndiyo madaraja yanapougua. Kaniachia maneno mawili tu: "Mzoee taratibu."

Makubaliano ni haya, niyaandike yasije yakageuzwa. Binti ana miaka kumi na minne. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo amelelewa na shangazi yake, muuguzi, ng'ambo ya mto. Mimi nimeolewa na baba yake mwaka jana. Atakaa hapa masika haya, na kabla shule hazijafunguliwa atachagua mwenyewe: abaki nasi, au arudi kwa shangazi yake moja kwa moja. Hakuna ruhusa ya kumshawishi.

Mimi nataka abaki. Basi, nimeandika. Nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, nayo ni ya cherehani.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwuliza angependa kula nini. "Chochote tu, Fundi." Fundi! Kama mteja aliyekuja kuchukua suruali.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. "Asante, Fundi." "Sawa, Fundi." "Hapana, Fundi, nimeshiba."

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Anaosha sahani yangu kabla sijalimeza tonge la mwisho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wiki nzima sijathubutu kumpa hata ufagio, anauchukua mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi na kufagia kama anayelipia kitanda. Na mimi nilivyo na mdomo! Wateja wananijua, nikikasirika mtaa mzima unapata habari. Kwa mtoto huyu naongea kama naibu waziri. Tunaheshimiana mpaka inachosha.

Alhamisi, 21 Machi

Leo kuna jambo.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nashona kola ya mwalimu mkuu, nje kumeingia giza la mvua, nikasikia mtu kapiga yowe chumbani kwa Binti. Nikaacha kola, nikakimbia na sindano mdomoni. Namkuta amekaa kitandani na kompyuta ya baba yake mapajani, anacheka hadi mabega yanamtingishika. Kuniona tu, kicheko kikakatika.

"Samahani, Fundi. Nazima."

"Usizime. Nani kapiga yowe?"

"Ni muvi. Ya Meksiko. Rafiki yangu kanijazia kwenye flashi."

"Inahusu nini?"

"Sijui. Wanaongea Kihispania, na haina maandishi."

Nikatoa sindano mdomoni, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Niliposimama, saa moja na nusu ilikuwa imepita na kola ya mwalimu mkuu ilikuwa bado haina shati.

Jamani, ile sinema! Wanafunzi watano wamefungiwa shuleni siku ya mvua. Shule yenyewe ina bwawa la kuogelea, na ndani ya bwawa alizama mwalimu wa michezo, zamani, picha yake imetundikwa ukutani na sharubu za kuchora kwa kalamu. Sasa anarudi akiwa zimwi. Kabla ya kumkamata mtu anapuliza kipenga. Yaani zimwi linakupa taarifa! Na wale watoto, wakisikia kipenga, badala ya kukaa pamoja, wanagawana: wewe huku, mimi kule. Damu ni nyanya, nimeona mbegu. Mlinzi wa shule na mama wa yule msichana mwenye miwani ni mtu mmoja, kavalishwa wigi.

Lakini zimwi ndilo lililonimaliza. Limeshonwa kwa zulia. Zulia la kijani la sebuleni, limelowa, linaburuta. Likageuka kumfukuza mnene wa kundi, nikaona mgongoni.

"Zipu!" nikapiga kelele. "Zimwi lina zipu!"

"Wapi?"

"Rudisha nyuma. Hapo! Zipu ya sketi, tena imewekwa kichwa chini miguu juu. Nani kalishona hili? Angeniletea mimi!"

Binti akarudisha nyuma mara nne. Mara ya nne tulikuwa tunacheka wote wawili, mimi nimeshika mbavu, yeye kaficha uso kwenye mto. Halafu tukakumbuka kuwa hatujazoeana, tukanyamaza. Nikamwambia ngoja nikamalizie kola. Akasema sawa, Fundi.

Ijumaa, 22 Machi

Saa nane mchana kasimama mlangoni pa chumba cha kushonea. "Fundi, una kazi nyingi?" Nina magauni sita ya kwaya. Nikasema sina kazi kabisa.

Jumatatu, 25 Machi

Mara ya tatu. Kwa kuwa hatujui Kihispania, tumeanza kuwawekea maneno wenyewe. Binti anasema ya wanafunzi, mimi nasema ya watu wazima na ya zimwi. Msichana mwenye miwani tumempa jina Miwani. Mnene ni Kibonge. Kuna mwingine mrefu ambaye kila mlango lazima aufungue, tumemwita Kiherehere.

Binti, kwa sauti ya Kiherehere: "Nasikia mtu anakoroma ndani ya kabati lenye maji. Ngoja nifungue nimsalimie."

Mimi, kwa sauti ya zimwi: "Karibu mwanangu, vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Huyu mtoto ana maneno! Wiki mbili alikuwa ameyaficha wapi?

Jumatano, 27 Machi

Leo nimelitazama lile zimwi kwa jicho la kazi, siyo la kucheka. Kushona zulia si mchezo. Cherehani haipitishi, ni mkono tu na sindano ya magunia, na vidole vinatoka damu. Mabegani kaweka mikunjo ili mchezaji aweze kuinua mikono. Aliyelishona hakuwa na fedha, lakini hakuwa mvivu. Zipu aliiweka kichwa chini ili aliye ndani aweze kujifungulia mwenyewe akiishiwa pumzi. Nilimweleza Binti, akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Kwa hiyo alimpenda." Nikauliza nani. "Aliyeshona. Alimpenda wa ndani."

Jumapili, 31 Machi

Mvua haina adabu. Mume wangu kapiga simu: daraja kubwa limeondoka na maji, hakuna gari linalovuka. Sisi hatujambo. Tumetazama mara ya sita.

Jumanne, 2 Aprili

Paa limevuja chumbani kwa Binti, juu ya sanduku lake. Tumehamisha kitanda.

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika yote.

Ukutani kwenye chumba cha kushonea nina misumari miwili. Wa kulia ni wa nguo za kuongeza, wa kushoto ni wa nguo za kupunguza. Ndivyo nilivyofundishwa, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuuliza nguo iliyo kwenye msumari: iliyoko kushoto naipunguza. Jana Mama Mapacha, mteja wangu, alinipigia kwamba atamtuma mtu na gauni lake, nibane kiuno na kufupisha hadi gotini. Leo asubuhi nimekuta gauni msumari wa kushoto. La zambarau, la zamani, kiuno kipana, refu. Nikasema haya, mtu wa Mama Mapacha amefika nikiwa dukani. Nikakata. Nikakata pindo, sentimita kumi na mbili, nikakata na mishono ya pembeni. Nilikuwa naimba.

Binti akaingia na chai. Kikombe kikamponyoka.

Lilikuwa gauni la mama yake. Lililowa kwenye sanduku, na chumba hiki ndicho kisichovuja, akalitundika likauke. Angejuaje habari za misumari? Sijamwambia. Sijamwambia lolote la kazi yangu, nilikuwa nimejaa heshima.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, akasema, "Si kitu, Fundi." Akaingia chumbani. Baadaye kidogo nikasikia kupitia ukutani anaongea na simu: "Shangazi, njoo unichukue. Barabara ikifunguka tu."

Nimekaa chini, katikati ya vitambaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekata kitu ambacho hakina kingine chake duniani, na nilikuwa naimba.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. "Asante, Fundi."

Jumamosi, 6 Aprili

Mama Mapacha kaja na gauni lake. Hata si zambarau, ni la bluu.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku nne nimefanya kazi moja. Nimemwaga gunia la makombo ya vitambaa sakafuni, nimetafuta vipande vyote vya zambarau, hata uzi. Pindo limepatikana zima. Vya pembeni, kimoja kilikuwa kimepasuka. Nimeunga kwa mkono, mshono mdogo niwezavyo, na ndani nimetia kitambaa cha kushikilia. Urefu umerudi, kiuno kimerudi. Lakini alama ya kuunga inaonekana, mstari mzima kuzunguka chini. Mtu yeyote ataiona. Sikuificha kwa utepe. Niliona nikiificha nitakuwa nimemdanganya.

Nimelikunja, nimelipeleka mlangoni kwake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mlango ulipofunguka yote ikayeyuka, nikasema tu, "Pamebaki alama." Akalipokea kwa mikono miwili. Akafunga mlango, taratibu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekuwa mtu wa ajabu. Wateja wote wanaomba mvua ikatike, nguo hazikauki, na mimi nikisikia imepungua moyo unanilipuka paa. Mvua ikikatika daraja litafunguliwa. Mume wangu kasema mafundi wake wanafanya kazi hata Jumapili, nimpongeze. Nimempongeza kwa shingo upande.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa nane mchana, mvua ya kumwagika. Binti kaja na kompyuta, kaiweka juu ya meza ya kukatia, kakaa kwenye kigoda kule mlangoni, mbali nami. Akawasha sinema. Nami nikaendelea kutia vifungo.

Tulitazama bila kuwawekea maneno hadi pale bwawani. Pale Miwani anakutana na zimwi uso kwa uso na kulifokea, maneno mengi, dakika mbili nzima, anatikisa kidole. Zamani Binti alikuwa akimwekea maneno ya mtoto anayelalamikia kazi za nyumbani, tunacheka. Leo midomo ya Miwani ikaanza, na Binti naye akaanza, sauti ya chini.

"Hukuuliza. Ungeuliza tu. Ungeita, 'Nguo hii ya nani?' Mimi nilikuwa hapo chumbani. Lilikuwa na harufu yake kwapani, nilikuwa nanusa siku ya Jumapili tu ili isiishe. Umelikata, umelipiga pasi, harufu imekwisha. Halafu unanitazama kwa huruma! Sitaki huruma! Kwa nini hamna hata mmoja anayenigombeza humu duniani? Tangu mama afe kila mtu ananishika kama yai!"

Kisha kwenye sinema ikawa zamu ya zimwi. Lile zimwi hapo halisemi kitu, linakoroma tu maji yakitoka. Nikajua lazima niseme.

"Sikuuliza," nikasema, kwa sauti ya zimwi, ambayo ilikuwa sauti yangu. "Nilidhani nguo zote ni kazi. Nimekosa, na kosa lenyewe halifutiki. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia nitakuelewa. Na huruma nitaiacha, ila nipe muda, nimezoea vibaya."

Hapo ndipo zimwi linapopiga hatua mbele, likakanyaga zulia lake lenyewe. Tumeona mara saba lakini nilikuwa nimesahau. Likaanguka bwawani puu, kichwa kikaelea peke yake.

Binti akaanza kucheka huku analia. Mimi nililia kwanza, kucheka kukafuata. Miwani ndiye aliyebaki na uso mkavu, anaendelea kufoka peke yake kwenye bwawa tupu. Mwisho wa sinema unajulikana: Kibonge anakiokota kipenga na kukipuliza, na zimwi, kwa kuwa lilikuwa mwalimu wa michezo, linalazimika kukimbia kuzunguka uwanja mpaka linaishiwa pumzi na kufa mara ya pili. Tulipiga makofi kama kawaida.

Lakini hakusema kwamba atabaki. Na mimi sikuuliza. Makubaliano ni makubaliano.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua, kwa saa mbili nzima.

Jumanne, 23 Aprili

Daraja limefunguliwa. Shangazi yake anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilijiandaa kumchukia. Nilimjua kwa sauti ya simu tu, na tangu mwezi wa tatu namwona kama mwizi anayesubiri taa izimwe. Basi kashuka mama mfupi, mnene, viatu vya kazini, uchovu wa zamu bado usoni, kanijia na kunikumbatia: "Wifi! Kumbe ndiwe unayechekesha watoto!" Kumbe Binti alikuwa akimsimulia.

Jioni kabla ya giza tukamwekea sinema. Lo! Mwanamke anayeshinda na wagonjwa na maiti, kaogopa zulia! Kipenga kikilia anapandisha miguu kwenye kiti. "Msigawane!" anawapigia kelele. "Watoto hawa hawana wazazi? Kiherehere, mlango huo uache!" Binti na mimi tukatazamana. Tulipomwonyesha zipu hakucheka. Kasema, "Hata mwenye zipu anaua."

Kabla hajalala kaniambia jikoni, "Nimemwuliza. Kasema atanijibu Jumapili. Wifi, mimi nampenda yule mtoto, lakini nina wangu watatu na zamu za usiku. Akibaki sitanung'unika, akija nitampokea. Wewe je?" Nikamwambia nataka abaki, sana, hata nimekuwa naomba mvua isikatike. Akanishika mkono, akanishika tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua siku nzima. Nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikafumua, nikaushona tena hukohuko.

Jumapili, 28 Aprili

Asubuhi hakuna aliyetaja jibu. Chai tumekunywa. Binti akainuka, akaingia chumbani kwake. Shangazi mtu akaanza kupanga mkoba wake, basi lake ni la saa nane. Nikakimbilia kazini. Nikataka kukata kitambaa cha mteja, natafuta mkasi, haupo.

Nina mikasi mitatu, lakini mkasi ni mmoja. Ule mkubwa wa kitambaa, mzito, nilipewa na mwalimu wangu wa ushonaji siku niliyohitimu. Haujawahi kugusa kitu ambacho si nguo. Karatasi inaua makali. Ukikata karatasi mara moja, hariri unaisahau. Mume wangu mwenyewe anajua, hausogelei.

Nikasikia kupitia ukutani: kwaruu. Kwaruu. Ile sauti naijua usingizini.

Nikafungua mlango bila kubisha. Binti yuko sakafuni, mkasi wangu mkononi, anakata karatasi ya kaki.

"Ebo!" Sikuwa mimi, ilikuwa miaka kumi na tisa ya kazi ndiyo iliyopiga kelele. "Mkasi wangu wa kitambaa! Karatasi! Wewe mtoto una akili kweli? Nani kakuruhusu? Vitu vya watu unachukua tu, huulizi!"

"Si ungesema!" Kasimama, macho makavu, kidole juu. "Nitajuaje? Wewe mwenyewe huulizi, husemi, una misumari ya siri, una mikasi ya siri! Nyumba gani hii ina sheria na hakuna anayezitaja?"

"Usinijibu!"

"Nakujibu!"

Akanipita, akatoka, mlango ukapigwa hadi chokaa ikadondoka. Nikabaki katikati ya chumba, mkasi kauacha sakafuni. Nikasema basi, nimemaliza kazi. Nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, saa mbili kabla ya basi.

Kisha nikatazama sakafuni.

Madaftari matano yamejalidiwa kwa kaki, pembe zimekunjwa vizuri, yamepangwa kando ya kitanda. La sita bado liko uchi. Juu ya kila moja kaandika jina lake, kidato chake, na chini yake jina la shule. Nikainama. Siyo ya ng'ambo ya mto. Ni hii iliyo mwisho wa mtaa wetu, ambayo kengele yake naisikia nikiwa kwenye cherehani.

"Kaanza jana," wifi yangu akasema. Alikuwa ameingia bila mimi kumsikia, mkoba begani. "Kaniomba nisikwambie, alitaka akuonyeshe mwenyewe yakiwa yamekamilika." Halafu akacheka, na macho yake yakajaa machozi. "Miaka miwili kwangu, wifi, hajanijibu hata mara moja. Alikuwa na adabu mno. Nilikuwa naogopa."

Nikakaa sakafuni, nikavuta ile karatasi iliyobaki, nikaweka daftari la sita juu yake, nikapima kwa macho. Nikauchukua mkasi wangu wa kitambaa, nikakata.

Mlango ukasukumwa kidogo. Binti akachungulia, kanuna, mikono kaikunja kifuani. Akanitazama mimi, akautazama mkasi, akaitazama karatasi.

"Umekata kombo, Fundi."